Nikishika kete nyeusi nachapwa: nibadili ufunguzi?

Assalamu alaikum Mwalimu,

Mimi ni kijana wa Langoni, hapa Lamu. Mchana nauza vifaa vya ujenzi, na baada ya Isha nacheza sataranji barazani na wenzangu watatu. Huu ni mwaka wa pili. Kwenye simu alama zangu za kiwango zinapanda na kushuka hapo kwenye 1250. Mchezaji nimpendaye ni Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani aliyesifika kwa mashambulizi, kwa hivyo nimejichagulia funguzi, yaani mipango ya hatua za mwanzo, za mashambulizi. Nikiwa mweupe nacheza Gambiti ya Mfalme. Nikiwa mweusi, dhidi ya e4 (mweupe akianza na kitunda cha mbele ya mfalme) nacheza Sisilia ya Najdorf, na dhidi ya d4 (kitunda cha mbele ya malkia) nacheza Kihindi cha Mfalme. Zote nimezisoma kwa video.

Nimehesabu michezo yangu 30 ya mwisho, ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Nikiwa mweupe nimeshinda 9 kati ya 15. Nikiwa mweusi nimeshinda 3 tu kati ya 15, sare moja, iliyobaki nimepigwa, na mara nyingi kabla ya hatua ya 25. Hatua nane au tisa za mwanzo nazicheza upesi, halafu naganda. Dakika tano au sita zinakwenda kwa hatua moja. Mwenzangu wa Shela aliipitia michezo hiyo akaniambia kwamba katika ile 12 niliyoshinda, 8 malkia walikuwa wamekwisha kubadilishwa, kila upande umemla wa mwenzake. Yeye anasema mimi si mshambuliaji, nihamie funguzi za utulivu, mfumo wa London na Caro-Kann. Mwingine anasema mtu acheze anachokipenda, la sivyo mchezo utamchosha.

Nakuletea na mchezo mmoja niliopigwa nikiwa mweusi. Kuna mashindano madogo Malindi wiki sita zijazo na nina saa moja tu kwa siku. Nibadili au niache? Na mtu huujuaje mtindo wake?

Mpenda Tal, Langoni

*

Waalaikumu salaam, mwanangu.

Hesabu yako ina uzito kuliko swali lako. Wengi huandika "napigwa sana" wakaishia hapo. Wewe umeleta michezo 30, umetaja saa, na umelileta neno la mwenzako wa Shela kama jambo la pembeni, kumbe ndilo lenye jibu. Umeshinda 12, na katika 8 malkia hawakuwapo ubaoni. Mshambuliaji haombi malkia waondoke mapema. Wewe, bila kukusudia, ndivyo unavyoomba.

Nitaandika kwa ufupi: Mf ni mfalme, Ml malkia, Ng ngome, As askofu, Fr farasi. Kitunda, ambacho vijana hukiita poni, kinaandikwa kwa mraba wake tu. Mraba hutajwa kwa herufi ya mstari, a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe, na namba ya safu, 1 hadi 8 kutoka upande wake. Baada ya namba ya hatua, ya kwanza ni ya mweupe na ya pili ya mweusi; nukta tatu ni zamu ya mweusi. Alama ya x ni kula, + ni shaha, yaani mfalme ametishiwa, na 0-0 ni mfalme kuhamia upande mfupi akingwe na ngome. Weka ubao mbele yako. Haya hayasomeki kwa macho matupu.

Mchezo wako ulikwenda hivi: 1.e4 c5 2.Frf3 d6 3.d4 cxd4 4.Frxd4 Frf6 5.Frc3 a6 6.Asg5 e6 7.f4 Mlb6 8.Mld2 Mlxb2 9.Ngb1 Mla3 10.e5 dxe5 11.fxe5. Mpaka hapo hukukosea kitu, na saa yako ilikuwa bado karibu imejaa. Farasi wako wa f6 ameguswa. Ndipo ulipokaa dakika 6, kisha ukamrusha d5. Alitakiwa arudi d7. Tazama kilichotokea: 12.Frxd5 exd5 13.e6. Kitunda chako cha e6, kilichokuwa mlango wa mfalme, umekitoa wewe mwenyewe ili ule d5, na sasa kitunda cheupe kimeingia palepale. Mfalme wako yuko e8, maaskofu wako wote wawili wako nyumbani, na malkia wako yuko a3 upande wa pili wa mji. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya.

Usiseme kosa lilikuwa hatua ya 11. Njia hii, ya kula kile wachezaji wanachokiita kitunda cha sumu cha b2, ni njia ambayo hatua moja ya kubahatisha inamaliza mchezo. Haina kasoro yenyewe. Najdorf imewabeba mabingwa wa dunia Bobby Fischer na Garry Kasparov. Lakini Fischer huyohuyo alikula b2 kule Reykjavik mwaka 1972, katika pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Spassky, na katika mchezo wa 11 malkia wake akanaswa, akapigwa. Kama bingwa aliyeijua njia ile kwa miaka hunaswa, mtu aliyejifunza hatua tisa kwa video atanusurika vipi?

Kuna jambo la pili kuhusu Najdorf ambalo video hazisemi. Fungua simu, tazama ile michezo yako ya 1.e4 c5, uhesabu ni mingapi imefika 5...a6 kwa njia ya kitabu. Kwenye alama 1250 wapinzani wengi hawachezi 2.Frf3 na 3.d4. Wanatoa 2.Asc4, au 2.c3, au 2.Frc3 halafu f4, au 2.d4 cxd4 3.c3 wakikupa kitunda bure. Kwa hivyo unasoma nyumba moja na unaingizwa nyingine kila usiku. Hiyo ya 3.c3 ina mtego wake: 3...dxc3 4.Frxc3 Frc6 5.Frf3 d6 6.Asc4, na hapo mweusi anayetoa Frf6 kwa mazoea anakutana na 7.e5. Akila kwa d6, 8.Mlxd8+ Frxd8 9.Frb5, farasi anatishia kuingia c7 na kumpa shaha mfalme huku ameigusa ngome ya a8. Unapaswa kutoa a6 au e6 kwanza, kisha farasi.

Sasa mtindo. Mchezaji unayempenda si ushahidi. Wapo mashabiki wa mpira wanaompenda mshambuliaji hodari na wenyewe ni walinda mlango. Mtindo unaonekana mahali pawili, kwenye saa na kwenye kosa. Chukua daftari, na kwa kila mchezo kati ya ile 30 andika: hatua ya mwisho uliyoijua kwa moyo, dakika ulizobakiwa nazo hapo, hatua ya kosa lako kubwa la kwanza, na je, wakati huo malkia walikuwapo na katikati ya ubao palikuwa wazi au pamefungwa. Usiandike ufunguzi gani ulishinda na upi ulishindwa, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ukiacha farasi aliwe bure kwenye hatua ya 34, ufunguzi hauna hatia. Ila mkiachana na hatua mlizozijua, hatua ya 9, na ukachoma dakika 6 hapohapo, ufunguzi ndio mshitakiwa, hata kama mchezo ulikuja kuushinda.

Barazani kuna kipimo kingine, na kwa bahati wenzako ni watatu. Badala ya kuanza mchezo mwanzo kabisa, anzeni kwenye hali iliyokwisha pangwa. Dakika 10 kila mtu. Hali tatu zinatosha, kila moja mara nne, wewe mara mbili mweupe na mara mbili mweusi. Usiku minne imekwisha.

Hali ya kwanza, kitunda kilichotengwa: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 4.c4 Frf6 5.Frc3 e6 6.Frf3 Ase7 7.cxd5 Frxd5 8.Asd3 Frc6 9.0-0 0-0. Mweupe ana kitunda cha d4 kisicho na jirani. Anapata nafasi na mistari ya kumwendea mfalme, lakini lazima ashambulie kete zikiwa nyingi. Mweusi anamweka farasi d5 kama kizibo, anabadilishana kete moja baada ya nyingine, na mwisho anakila kile kitunda au anakifanya mzigo. Wewe andika ni upande upi uliucheza bila kukuna kichwa.

Ya pili, ukuta: 1.d4 Frf6 2.c4 g6 3.Frc3 Asg7 4.e4 d6 5.Frf3 0-0 6.Ase2 e5 7.0-0 Frc6 8.d5 Fre7. Hiki ndicho Kihindi chako cha Mfalme. Vitunda vya katikati vimefungana, kila mmoja anaenda upande wake: mweupe anasukuma c5, mweusi anamtoa farasi wa f6 njiani, anasukuma f5, f4, kisha g5 na g4 juu ya kichwa cha mfalme mweupe. Ni mbio. Ukitumia hatua moja kuzuia kitu kisichokuwa na haraka, umechelewa, na hakuna kurudi nyuma. Mtu anayepiga hesabu polepole huumia hapa, hata akiwa na akili nyingi.

Ya tatu, bila malkia: 1.e4 e5 2.Frf3 Frc6 3.Asb5 Frf6 4.0-0 Frxe4 5.d4 Frd6 6.Asxc6 dxc6 7.dxe5 Frf5 8.Mlxd8+ Mfxd8. Mfalme mweusi hawezi tena kuhamia ngomeni, na vitunda vyake viwili vimepangana kwenye mstari wa c. Ukiitazama haraka utasema mweusi ameharibika. Lakini hana malkia wa kumwogopa na ana maaskofu wote wawili. Mwaka 2000 kule London, Vladimir Kramnik alimwekea Kasparov hali hii hii mara kadhaa katika pambano la ubingwa wa dunia. Kasparov, mtu wa mashambulizi ya moto, hakushinda hata mchezo mmoja katika 15, na Kramnik akautwaa ubingwa kwa 8.5 kwa 6.5. Hakutafuta ufunguzi ulio bora kwa kila mtu. Alitafuta ubao ambao yeye anaujua na mwenzake anauona mchungu.

Wazee wanaocheza bao pale Mkunguni, mbele ya Ngome, hawakuhitaji kuambiwa haya. Wote wanaanza na kete zilezile 64 na mpangilio uleule, lakini yupo anayeilinda nyumba yake, lile shimo lake kuu, mpaka namu, zile kete za mkononi, imalizike, na yupo anayeitoa mapema apate mwendo. Na wanaotazama na vikombe vyao vya kahawa hujua nani ni nani kabla ya mwenyewe kujijua. Mwenzako wa Shela amekaa kiti hicho.

Majibu ya kipimo hicho siwezi kukutabiria. Ukishinda mara tatu kati ya nne kwenye ule ukuta, na saa ikabaki, tupa nusu ya ushauri huu na uendelee na Kihindi chako. Ila kwa hesabu uliyoleta, nadhani utajikuta upande wa mweusi kwenye hali ya kwanza na popote kwenye ya tatu. Tuendelee kwa kudhani hivyo.

Huku nyeusi, basi, badili. Dhidi ya e4 cheza Caro-Kann, na dhidi ya d4 cheza Kislavi, 1.d4 d5 2.c4 c6. Nakupa zote mbili pamoja kwa sababu moja: c6 na d5 ni ukuta uleule, na katika zote unajaribu kumtoa askofu wa c8 nje kabla hujafunga kwa e6. Unajifunza nyumba moja yenye milango miwili. Kifaransa, 1...e6, nacho ni imara, lakini askofu yule hubaki ndani akipiga miayo, na kumtoa kunataka uzoefu ambao wiki sita haziutoi.

Caro-Kann utaikuta kwa sura nne. Nitakaa zaidi kwenye zile zinazouma.

Mweupe akipita, 1.e4 c6 2.d4 d5 3.e5, toa Asf5. Hapa vijana wa simu siku hizi wanapenda 4.h4. Usijibu kwa mazoea e6, maana 5.g4 Ase4 6.f3 Asg6 7.h5, na askofu wako hana mraba hata mmoja wa kukimbilia bila kuliwa. Jibu 4...h5, umzuie palepale. Baada ya hapo mpango haubadiliki: e6, kisha c5 kukigonga kitunda cha d4, farasi c6, farasi mwingine e7. Usisahau c5. Mweusi asiyetoa c5 katika hali hii hukaa kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni mpaka chumba kinamfungia.

Akilinda kwa 3.Frc3, cheza dxe4 4.Frxe4 Asf5 5.Frg3 Asg6 6.h4 h6. Hiyo h6 si ya hiari. Ukiiacha, h5 inamnasa askofu. Kisha 7.Frf3 Frd7, umzuie farasi mweupe asiingie e5, 8.h5 Ash7 9.Asd3 Asxd3 10.Mlxd3 e6, na umeshapumua. Ukitaka kucheza 4...Frd7 badala ya Asf5, tahadhari: 5.Mle2, na ukitoa 5...Frgf6 (farasi wa mstari wa g) tu, 6.Frd6 ni mati: mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Kitunda cha e7 hakiwezi kumla yule farasi kwa sababu malkia mweupe anamtazama mfalme kupitia mstari wa e. Mpange ubaoni mara moja uone, ukimwona hutamsahau.

Dada yake ni 2.Frc3 d5 3.Frf3, bila d4. Inafanana na ile ya juu na ndiyo maana inaua. Ukifuata mazoea, 3...dxe4 4.Frxe4 Asf5 5.Frg3 Asg6 6.h4 h6 7.Fre5, sasa farasi amefika e5 mapema, na baada ya 7...Ash7 kuna 8.Mlh5 akitishia mati f7. Hapa toa 3...Asg4, na 4.h3 umle farasi: Asxf3 5.Mlxf3 e6.

Akila tu, 3.exd5 cxd5, mara nyingi atafuata Asd3, c3, na askofu f4. Hakuna haraka wala hatari. Toa Frc6, Frf6, Asg4, na baadaye ngome b8, b5, b4: vitunda vyako viwili vinakigonga kitunda chake cha c3 mpaka kibaki peke yake. Akitoa 4.c4, ndiyo ile hali ya kwanza uliyoizoea barazani. 3.f3 ikitokea, jibu e6 na uendelee na maisha.

Kislavi: 1.d4 d5 2.c4 c6 3.Frf3 Frf6 4.Frc3. Ukitoa Asf5 hapa hapa, 5.cxd5 cxd5 6.Mlb3, malkia amekamata b7 na d5 kwa mkono mmoja. Kwanza kula: 4...dxc4, na akitoa 5.a4 kukuzuia b5, ndipo 5...Asf5 6.e3 e6 7.Asxc4 Asb4. Tofauti ni hatua moja tu ya mpangilio. Kwenye Kislavi makosa mengi ni ya aina hiyo, kete sahihi kwa wakati usio wake.

Lakini kusema kweli, wanaotoa d4 kwenye alama zako wengi watakuchezea huo mfumo wa London anaoupenda mwenzako. Usiukubali kimya kimya. 1.d4 d5 2.Asf4 c5 3.e3 Frc6 4.c3 Mlb6, ukimgusa b2, kwa sababu askofu aliyetoka mapema ameacha mlango huo wazi. Akijibu 5.Mlb3, toa c4, na 6.Mlc2 Asf5. Askofu yule anaonekana wa bure. Akimla, 7.Mlxf5 Mlxb2, na ngome yake ya a1 imefungwa na farasi wake mwenyewe wa b1. Anayejua atarudi 7.Mlc1, na wewe umekaa vizuri tu.

Kuhusu wewe kuhamia London ukiwa mweupe, sikubaliani na mwenzako, ingawa ni ufunguzi wa heshima. Ukiwa mweupe huumwi. Umeshinda 9 kati ya 15. Mtu hapasui pande zote mbili za jahazi kwa wakati mmoja kwa sababu ubao mmoja unavuja. Gambiti ya Mfalme ina siku zake zinazohesabika, maana utakapopanda kufika 1500 watu wataanza kujua kujilinda, na hapo utahamia 3.Asc4 ya Kiitaliano na c3 na d3 za polepole, ambazo nahisi zitakufaa sana. Kwa sasa iache, ila ziba tundu moja. 1.e4 e5 2.f4 Asc5, na mkono unataka kula e5. Usile: 3.fxe5 Mlh4+, mfalme akitoka e2 ni Mlxe4 mati, na ukiziba kwa g3, Mlxe4+ na ngome yako ya h1 imekwenda. Toa 3.Frf3.

Katika saa yako moja, dakika 20 za kwanza ni mafumbo ya mbinu kila siku, hata siku ambayo huna hamu, kwa sababu kwenye alama 1250 michezo mingi huamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi. Wiki ya kwanza ni daftari na zile hali tatu, bila kujifunza ufunguzi wowote mpya. Wiki ya pili na ya tatu Caro-Kann, ya nne Kislavi. Usijifunze kwa kukariri orodha. Tafuta michezo kumi ya mabwana, wale wachezaji wakubwa, katika kila sura, uipitie haraka, na kwa kila mmoja uandike sentensi moja tu: mweusi alibadilisha kete zipi, na alisukuma kitunda gani baada ya hatua ya 12. Karpov, bingwa wa dunia wa zamani, ni mwalimu mzuri wa Caro-Kann. Petrosian pia, na alikuwa bingwa wa dunia tangu 1963 hadi 1969, mtu ambaye wapinzani walilalamika kwamba hawamwoni akishambulia na bado wanapigwa. Wiki ya tano cheza dakika 15 tu, na michezo ya dakika 3 iache kabisa, kwa maana inakurudisha kwenye tabia ya kucheza tisa upesi na kuganda. Wiki ya sita usiongeze kitu. Siku ya safari, ukivuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la kupitia Witu na Garsen, lala. Hatua zinazokaririwa ndani ya basi huchanganyika zikifika Malindi.

Yule mwenzako wa pili, anayesema mchezo utakuchosha, ana haki kiasi. Mtu asiyefurahia ubao wake husoma kwa kulazimishwa. Lakini hakuna aliyekunyang'anya Tal. Mwaka 1960, alipomvua Botvinnik ubingwa, Tal alilazimika kuivunja Caro-Kann hiyohiyo, kwani Botvinnik ndiye aliyeichagua. Mwaka uliofuata wakarudiana, Botvinnik akakaa tena nyuma ya ukuta wake, na akautwaa ubingwa kwa 13 kwa 8. Pitia mapambano yote mawili ukiwa upande wa mweusi. Utapata mashambulizi uyapendayo, na utaona pia yanavyozimwa.

Mpinzani wa Malindi akitoa kitu usichokijua kwenye hatua ya tatu au ya nne, usitafute jibu la kitabu kichwani, halimo. Uliza kwanza ametishia nini, kisha askofu wangu wa c8 anatokea wapi, kisha c5 inawezekana lini. Dakika mbili, siyo sita. Ukifika hatua ya 12 saa isiwe chini ya dakika 10. Ukiona iko chini, cheza hatua iliyo salama hata kama si nzuri kabisa, na utafute njia ya kubadilishana malkia.

Daftari la Malindi tuletee, hasa kurasa za michezo uliyopigwa ukiwa mweusi.